Pongezi kwa Wenye Msimamo

Wanaowabeza marubani wa US Airways na America West hawajui thamani ya subira. Kampuni hizo mbili za ndege ziliungana mwaka 2005. Ndege zikapakwa rangi moja, lakini marubani walikataa kuyumbishwa na jambo dogo kama muungano: wa Mashariki, yaani wa US Airways, wakaruka na wa Mashariki, wa Magharibi, yaani wa America West, na wenzao, mwaka baada ya mwaka. Berlin ilihitaji saruji; hawa hata tofali hawakununua.

Mwaka 2007 msuluhishi George Nicolau akaleta orodha moja ya ukongwe. Wakongwe wa Mashariki waliokuwa wamerudishwa nyumbani kwa kukosa nafasi wakajikuta nyuma ya vijana wa Magharibi ambao sare zao bado zilinukia duka. Ilikuwa imekubaliwa mapema kwamba uamuzi huo utakuwa wa mwisho. Na ukawa wa mwisho kweli, kwa chama chao: mwaka 2008 kiling'olewa kwa kura, kikaja kipya kilichoapa kwa tarehe ya kuajiriwa. Kisha mahakamani, bila shaka.

Nawaelewa. Namba ya rubani kwenye orodha ile ndiyo huamua nani awe kapteni na nani ale Krismasi na wanawe. Wana wa wafalme wamechinjana kwa kidogo kuliko hicho.

Mwaka 2013, kabla hawajaungana, wakaungana na American Airlines. Abiria wala hakuwa na sababu ya wasiwasi: wawili waliokaa kule mbele walielewana kabisa. Walitoka upande mmoja.