Kama Mnavyokumbuka

Kwa Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mashamba ya milimani yanafuata kwa mama, jina la ukoo linafuata kwa mama, na ada ya shule inafuata kwa mjomba. Kwa hiyo dada yangu wa Mgeta aliponipigia simu Novemba ile, hakuuliza kama kwangu Kihonda, huku mjini, kuna nafasi. Alisema tu: "Kaka, mwanao amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Anashuka kesho na gari ya asubuhi. Ana godoro."

Alishuka kusoma pre-form five. Mkazi wa Kihonda hahitaji kuelezwa hilo ni jambo gani, maana kuanzia Maghorofani hadi Bima ni shida kupata nguzo ya umeme isiyobandikwa tangazo lake: kijana umemaliza mtihani, usikae bure hadi Julai, njoo uanze mada za kidato cha tano mapema. Mpwa wangu alikuwa na hesabu zake. Alitaka PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, kombi ambayo ukiitaja tu majirani wanaanza kukuita daktari na kukuonyesha vipele. Nikalipa. Kuanzia hapo nyumba yangu ikawa inaishi na jiwe lililorushwa kutoka juu ya mnara. Asubuhi jiwe, jioni jiwe. "Mjomba, limerushwa kwa nyuzi thelathini, litaangukia wapi?" Mimi nilisoma historia na Kiswahili, sikujua litaangukia wapi. Januari matokeo yalipotoka tukajua: lilimwangukia yeye. Fizikia, D.

Kemia na baiolojia zilikuwa nzuri, na hapo ndipo kombi nyingine ilipotutafuta yenyewe. Mwaka 2024 Serikali ilipotangaza kwamba tahasusi za kidato cha tano zimefika 65, nilidhani hii nayo ni miongoni mwa zile ngeni. Kumbe ilikuwepo siku zote, ila katika ukoo wetu haijawahi kupita: CBN. Kemia, baiolojia na lishe. Majina ya awamu ya kwanza yalitoka, hakuwemo. Wenzake wakaripoti Julai, yeye akabaki ananisaidia kuuza duka. Yalipotoka ya awamu ya pili akawemo, shule ya kutwa hapahapa mjini. Jirani aliyekwisha kumwonyesha vipele alipoambiwa, akafikiri kidogo, akauliza: "Kwa hiyo sasa ni mpishi?"

Basi siku ya kwanza alirudi jioni, akakaa kwenye ngazi ya mlango bila kuvua viatu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mwalimu wa lishe ni mtu mpole, anajua kazi yake, hachapi, ila kila anachosema kinatanguliwa na "kama mnavyokumbuka". Kama mnavyokumbuka, makundi ya virutubishi ni haya. Kama mnavyokumbuka, unyafuzi hauko sawa na nyongea. Kama mnavyokumbuka, uzito tunaugawa kwa kipeo cha pili cha urefu. Na kila akisema hivyo, darasa zima linaitikia: "Ndiyoo."

"Na wewe?"

"Na mimi niliitikia, mjomba. Ningesemaje?"

Kwa wiki nzima alijiona mjinga peke yake. Alidhani wenzake walioripoti Julai walifundishwa utangulizi wakati yeye anapanga sabuni dukani. Halafu siku moja, kwenye foleni ya maandazi, akamnong'oneza msichana anayekaa dawati la mbele, yule anayeitikia kwa sauti kuliko wote, amwazime daftari la kidato cha nne la lishe. Msichana akamwangalia. "Hata mimi nilikuwa nataka kukuomba la kwako."

Somo la lishe kwenye kidato cha kwanza hadi cha nne ni la shule chache, zile zenye jiko la sayansi kimu na mwalimu wake. Shule nyingi za kata hazina. Lakini ukifika kidato cha tano mlango uko wazi kwa mwenye kemia na baiolojia, na muhtasari unakupokea kama mgeni aliyeshakula alikotoka. Katika darasa lile, kwa uchunguzi wa mpwa wangu, hakukuwa na hata mmoja aliyewahi kulisoma. Mwalimu alikuwa akiwakumbusha watu jambo ambalo hawakuwahi kuambiwa, nao wakikumbuka kwa pamoja na kwa sauti. Simlaumu mwalimu, mtu ukiitikiwa "ndiyo" na darasa zima utaendelea mbele. Siwalaumu na watoto. Tangu darasa la kwanza wanajua kwamba kwenye swali la "tumeelewana?" jibu ni moja, na anayejibu lingine anawachelewesha wenzake kwenda nyumbani.

Wokovu ukaja kutoka kidato cha sita. Dada mmoja wa huko alikuwa na daftari la utangulizi, alilojinakilia mwenyewe kutoka sijui wapi. Akalikodisha kwa jioni moja. Mpwa wangu akakimbia nalo steshenari, akamwachia kijana atoe kopi, akarudi na bahasha nene akiwa na furaha ya mtu aliyepata hati ya kiwanja. Usiku, chini ya taa, ndipo alipogundua kwamba kijana alikopi upande wa mbele tu wa kila karatasi. Upande wa nyuma haukumhusu. Na daftari lilikuwa limesharudi kwa mwenyewe, ambaye alishakwenda likizo nalo.

Tukawa na utangulizi wenye pengo kila baada ya ukurasa. Ukurasa mmoja, ukiutafsiri, uliishia na "utapiamlo ni hali ya mwili ku", na uliofuata ukaanza na "kwa hiyo asipewe mpaka apoe." Mke wangu, ambaye hupenda mambo yenye mwisho, alikaa na makaratasi yale akijaribu kukisia. Mpwa wangu akasema hapana, kurasa zilizokosekana atazipata kwa vitendo. Sikuelewa kwamba vitendo vyenyewe ni sisi.

Alianza na uzito. Mizani ya nyumbani hatuna, lakini Kihonda ni mtaa wa viwanda, na jirani yetu wa tatu ananunua vyuma chakavu. Ndiyo, nilipimwa pale. Nilisimama juu ya mizani ya jukwaa, kati ya injini ya pikipiki na mabati, vijana wa pale wakiwa wameacha kazi kabisa. Kilo 84. Mmoja akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kibiashara: "Mzee, ungekuwa shaba, leo tungefunga ofisi."

Urefu nilipimiwa nyumbani, kwenye fremu ya mlango, kwa utepe wa fundi cherehani. Mita 1.65. Mpwa wangu akakokotoa, akakokotoa tena, akaniangalia kwa huruma ambayo sikuizoea. Imetoka 30.9, mjomba. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni kiribatumbo.

Mimi si mtu wa kukubali neno kama hilo mbele ya watoto. Nikataka urefu upimwe upya, nikiwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani, kwa sababu ndivyo ninavyotembea duniani. Mita 1.68. Akakokotoa: 29.8. Sasa hebu fikirieni. Nikiwa na viatu mimi ni mtu mnene kidogo, mwenye heshima zake. Nikivivua mlangoni, ninaingia sebuleni kwangu nikiwa mgonjwa. Nilimwomba aandike ile ya viatu. Akasema sayansi inapima mtu, haipimi soli.

Kwa mhudumu wa afya wa mtaa alipata utepe wa kupimia mkono, ule wenye rangi tatu. Watoto wa mtaa mzima wakapanga foleni kwetu: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kati ya hapo na 12.5 ni njano, zaidi ya hapo kijani. Wote wakatoka kijani, akaandika, akashukuru. Nilipoleta mkono wangu utepe haukuzunguka, akaniambia ule ni wa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, nisiwe nachezea vifaa vya Serikali.

Lakini hayo yote yalikuwa maumivu madogo. Kipigo kilikuja Jumapili, jina lake kumbukumbu ya mlo wa saa 24. Mhojiwa anaulizwa kila alichotia mdomoni tangu jana saa kama hizi, na mahojiano yalifanyika mezani, mke wangu akichambua mchele pembeni. Asubuhi: chai na mihogo ya kuchemsha. Mchana: ugali, dagaa, matembele. Mwanamke akaitikia kwa kichwa, alivipika yeye.

"Saa kumi na moja jioni?"

"Maji."

"Mjomba, mtafiti hamhukumu mhojiwa. Wewe sema tu."

Sauti ile ilikuwa na upole wa kitaalamu ambao umewahi kuwaangusha watu wakubwa kuliko mimi. Nikasema. Chipsi mayai, pale Msamvu. Mishikaki miwili. Soda, ya baridi. Mkono uliokuwa unachambua mchele ukasimama.

"Ndiyo maana jana usiku makande yangu ulisema tumbo lina gesi," alisema mke wangu.

"Usiku: hakula," akaandika mtafiti, bila kuhukumu.

Mwezi ule ule mama yangu alishuka kutoka Mgeta kuja kuliona treni la SGR kwa macho yake, maana stesheni ni hapa kwetu Kihonda. Alileta njegere, kabichi na viazi. Mjukuu wake alimsubiri apumzike, halafu akamletea zile karatasi zenye mapengo. Bibi hasomi Kiingereza. Lakini alipoulizwa habari za mtoto mwenye unyafuzi, alieleza ukurasa wote ambao mashine ya kopi iliuruka: mama ameshika mimba nyingine, mkubwa ameachishwa ziwa mapema, anapewa uji mtupu wa muhogo asubuhi na jioni, miguu inavimba, mashavu yanajaa, nywele zinanyooka na kuwa nyekundu, na wajinga wanasema amenenepa. Mwenye nyongea huyo amekauka, ngozi imelegea, uso wa mzee kwa mtoto wa mwaka mmoja. Tuliwazika wa namna zote mbili, alisema, akaendelea kumenya njegere. Mpwa wangu aliandika haraka mpaka karatasi ikatoboka.

Kisha bibi akaongeza kwamba mjamzito asile mayai, mtoto atazaliwa bila nywele. Kalamu ikasimama. Bibi, mayai ni protini, hilo halina ukweli wowote. Mama yangu hakubishana. Alinielekezea kisu kichwani, kwenye upara wangu. "Huyu nilimlia mayai. Mtazame."

Walikorofishana tena kwenye chai. Mjukuu alishasoma kwamba chai ikinywewa na chakula inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani, hivyo inatakiwa ipite saa moja hivi katikati. Bibi, mwenye vijiko vyake vitano vya sukari, alisikiliza vizuri sana. "Sawa mwanangu. Basi chakula kisubiri."

Jambo moja tu lilimnyamazisha mpwa wangu. Alikuwa amekuta kwenye ripoti ya utafiti wa afya wa mwaka 2022 kwamba nchi nzima watoto watatu katika kila kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Iringa ni zaidi ya nusu. Iringa! Huko ndiko mahindi yanakotoka. Alitarajia kinyume chake, nami vilevile. Bibi hakushangaa. Akasema kwao Mgeta njegere zinapanda lori kwenda Dar es Salaam, na aliyezilima anakula ugali na chumvi. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto ameachiwa uji kwa mtoto mwenzake. Gunia halimlishi mtoto, alisema, halina mikono. Hilo nalo likaandikwa.

Muhula ulipokaribia mwisho shule iliita kikao cha wazazi. Nilivaa vile viatu. Ukutani wanafunzi wa CBN walikuwa wamebandika chati za tathmini ya lishe ya kaya, na mwalimu, mtu mpole kweli kama nilivyoambiwa, alisimama mbele ya moja akiwa na fimbo ya kuonyeshea. Akasema hii imemfurahisha kuliko zote, kwa ukweli wake. Mwanamume, mfanyabiashara, Kihonda. Kilo 84. Mita 1.65, na kwenye mabano kwa wino mwekundu: bila viatu. Chini yake mlo wa saa 24, pamoja na Msamvu na mishikaki yake.

"Kama mnavyokumbuka, ndugu wazazi," alisema mwalimu, "uzito tunaugawa kwa kipeo cha pili cha urefu."

"Ndiyoo," tukaitikia ukumbi mzima, na mimi nikiwemo, kwa sauti.

Mama mmoja aliyekaa kando yangu akaniinamia sikioni. "Mwanamume huyu wa Kihonda ana mke kweli?"

Nikamwambia nasikia anaye, na kwamba siku hizi anakula makande.