Grisi Nayo Ipewe Heshima Yake

Washairi wamewasifu masultani, manahodha na wanawari. Mimi leo naisifu grisi: ile nyeusi iliyogandia injini, pamoja na jamaa zake lami, oili na tope la chumvi linalopanda mpaka vioo vya magari yetu hapa New Hope, kaskazini-magharibi ya Minneapolis. Haina wakili. Kila anayeijia anakuja na brashi mkononi.

Tuanze na nasaba. Grisi nyingi za magari ni mafuta yaliyogandishwa kwa sabuni, mara nyingi sabuni ya lithiamu. Kwa hiyo ukiivamia kwa sabuni ya vyombo umemtuma ndugu akapigane na nduguye, halafu unashangaa vita haviishi. Sabuni hiyo, ikiona grisi haing'oki, hugeukia nta inayolinda rangi ya gari na kuiondoa. Nani mharibifu hapo?

Halafu usawa. Ifikapo Februari, Barabara ya Winnetka haina tajiri wala maskini. Gari la mkopo na mkweche wa mwanafunzi yote yamevaa kanzu moja ya kijivu. Baridi ikizidi nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, chumvi ya barabarani haiyeyushi barafu ya maana, lakini kung'ang'ania bampa haiachi. Hata kibaka humtazama mwenye gari kama hilo kwa huruma.

Oili inayovuja ndiyo nimeipenda zaidi. Chumvi hula chuma, na wenye nacho huwalipa mafundi wawapulizie mafuta uvunguni mwa gari kabla theluji haijaanguka, ili kutu isishike. Gari langu linajipaka lenyewe, bila miadi wala risiti. Mama watoto akilalamikia doa sakafuni, namwambia hiyo ni bima.

Elimu je? Bila uchafu huu, mwanamume gani angejua kilichomo kabatini jikoni? Siki na maji, nusu kwa nusu, huondoa ile mistari myeupe ya chumvi kwenye zulia la gari. Baking soda ikikorogwa na maji na kupakwa kwenye vichwa vya betri hutoa povu na kulegeza ukoko wa kijani. Ila kwanza chomoa nyaya, tafadhali. Lami ndiyo iliyonifunza adabu. Mzee mmoja wa Bukavu tunayekaa naye jengo moja alinikuta naikwangua mlangoni kwa ukucha. Akapanda ngazi, akarudi na chupa ya mafuta ya kupikia. “Kijana, mafuta inatokaka na mafuta.” Akalowesha kitambaa, akakibandika juu ya lami, akaanza kunisimulia bei za nyama. Habari za mbuzi zilipokwisha, akafuta mara moja tu, lami ikafuata kitambaa. Kule Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, fundi angemaliza kazi kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga, lakini asingekuwa na muda wa habari za mbuzi.

Wakubwa pia wameiheshimu. New Hope ilipata mamlaka yake ya kijiji mwaka 1953. Mwaka huohuo, huko San Diego, Rocket Chemical Company ilifanikiwa katika jaribio la 40 kupata dawa ya kukinga makombora ya Atlas na kutu. Ndiyo WD-40 inayokaa chini ya sinki, na leo inang'oa lami kwenye Corolla. Uchafu gani mwingine wa nyumbani umewahi kupelekewa dawa ya makombora?

Kasoro yake ni moja: haijui kufa. Maji yanayoingia kwenye mitaro ya mitaa ya New Hope hayapiti mtambo wa majitaka. Yanaishia kwenye vijito vya Bassett na Shingle, na huko kijiko kimoja cha chai cha chumvi chatosha kuchafua galoni 5 za maji. Basi kama huwezi kuiacha grisi ikae kwa amani, peleka gari kwenye kituo cha kuoshea magari, na oili chakavu ipeleke kwenye vituo vya wilaya vinavyopokea taka za sumu. Mtaroni usimwage, hata kama jirani amemwaga.