Injini ya Shemeji

Katika nyumba yetu hapa Ligula, Mtwara, fedha za korosho hugawanywa kabla korosho zenyewe hazijaokotwa. Mimi huzigawa kwenye daftari: ada za shule, bati za jikoni, salfa ya kupulizia mikorosho msimu ujao. Baba Watoto huzigawa kichwani, na msimu ule kichwani mwake palikuwa na fungu moja tu: injini.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 aliloachiwa na marehemu baba yake, la miaka ya sitini. Dizeli, silinda nne, ujazo wa 2,286, nguvu za farasi 62 enzi za ujana wake, na ujana huo ulikwisha kabla mimi sijaolewa. Kila asubuhi lilifukiza moshi mtaa mzima. Tukipanda nalo Newala kwenda shambani, bodaboda zilitupita huku abiria wao wakitupungia mkono. Hapo ndipo palipomuuma mwenzangu. Oili ilikuwa ikivuja na mafuta yakipotea, akavumilia. Kupungiwa mkono kukamshinda.

Fundi mmoja mzee wa Chikongola alifunua boneti, akainamisha sikio, akatoa hukumu: "Mwanangu, ringi zimekwisha na nozo zinamwaga. Tuifungue, silinda zichongwe, pampu ikapimwe. Itarudi hii." Baba Watoto akaitikia kwa adabu zote. Bahati mbaya wiki hiyohiyo shemeji, mdogo wake, alikuwa amekuja likizo kutoka Dar es Salaam, na shemeji ana jamaa yake Gerezani anayeuza injini za mtumba.

"Kaka," akasema huku akitafuna ming'oko yangu, "unafufua maiti wakati 1HZ zipo?"

Kwa asiyeijua, 1HZ ni injini ya Land Cruiser: dizeli, silinda sita, ujazo wa 4,164, haina tabo, na nguvu zake ni kama farasi 130. Ni zaidi ya mara mbili ya ile ya marehemu. Sina ubaya nayo. Inabeba wagonjwa na watalii Afrika Mashariki nzima. Mimi nilikuwa nauliza habari za giaboksi, difu na breki, vitu vya marehemu vilivyokuwa vikisubiri huko nyuma bila kujua kinachovijia. Nikajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kiufundi.

Injini ikaja kwa lori la mizigo, ikateremshwa barazani kwangu juu ya tairi kuukuu. Mama mkwe akatoka na mkongojo wake, akaizunguka taratibu.

"Hii ndiyo ya lile gari?"

"Ndiyo, mama," akajibu mwanawe.

"Na gari limeambiwa?"

Halikuwa limeambiwa. Silinda sita zina urefu wake, kwa hiyo rejeta ikasogezwa mbele na vyuma vikakatwa. Giaboksi ya Land Rover haishikani na injini ya Toyota, kwa hiyo ikachongwa sahani ya chuma ya kuziunganisha. Maunti zikachomelewa upya, ekzosi ikapindwa upya, klachi ikatafutwa nyingine. Kila jioni Baba Watoto alirudi na neno jipya, na kila neno lilikuwa na bei. Nikifungua daftari leo, bati za jikoni zimekatwa mstari, juu yake pameandikwa "rejeta". Salfa imekatwa mstari, pameandikwa "klachi". Ada iliponea chupuchupu kwa sababu nilikwenda kuilipa mwenyewe.

Kisha likawaka. Nisiseme uongo, lilinguruma kwa heshima, na watoto wakapiga vigelegele. Siku ya kwenda Newala hakuna bodaboda iliyotupita. Baba Watoto akapunga mkono mpaka kiwiko kikamuuma.

Lakini barabara tambarare ilikuwa na habari nyingine. Injini zote mbili, ya zamani na hii, ukomo wake ni mizunguko inayokaribia 4,000 kwa dakika, na difu ilikuwa ileile fupi iliyotengenezwa kwa kuvuta mizigo shambani. Ukitaka mwendo wa safari, injini inapiga mayowe mpaka mazungumzo yanakufa ndani ya gari. Kilichoongezeka ni nguvu ya kupanda. Mwendo haukuongezeka kwa kiasi cha maana. Na kila kilichopandishwa hutakiwa kuteremshwa. Tukitoka uwanda wa Makonde kushuka kuelekea Masasi, kwa breki zilezile za ngoma na magunia yaliyozidi ya zamani, nilisikia harufu ya kuungua, nikamsikia na mume wangu akisoma dua ambazo sikujua kama anazijua.

Kusini huku kulikwisha kuliona jambo hili la kuleta nguvu mahali pasipozikubali. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zake. Vilikuja vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, ikajengwa bandari ya Mtwara, ikatandikwa reli. Nguvu zilikuwepo tele. Ardhi na mvua hazikukubali. Mwaka 1951 mradi ukafa, reli nayo ikaja kung'olewa. Mama mkwe aliyakumbusha hayo mezani, na shemeji akaomba chumvi.

Kilele cha yote kilikuwa Idd el-Fitr, Msimbati. Idd hiyo huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua, jambo ambalo mtoto wa pwani hahitaji kufundishwa. Tulifika maji yamekupwa, ufuo umenyooka kuelekea mdomo wa Ruvuma, na Baba Watoto akaona lazima ndugu yake aonyeshwe 1HZ inavyokwenda mchangani. Ikaenda kidogo, ikanasa. Akakanyaga mafuta. Farasi 130 zikachimba shimo, na pua ya gari, iliyoongezewa uzito wa silinda sita, ikaanza kuzama taratibu. Maji nayo yakageuka.

Mvuvi mmoja mtu mzima akaja, akasalimiwa shikamoo na familia nzima kwa mpigo.

"Marahaba. Zima kwanza."

Akatuteremsha sote pamoja na sinia la pilau. Akatoa upepo kwenye matairi mpaka yakatandaa mchangani, akalaza makuti mbele ya kila tairi. Kisha akaingiza mkono garini, akakandamiza kirungu cha njano, akavuta chekundu, akasema: "Sasa nenda kama hutaki mtu asikie." Gari likatoka kwenye shimo kwa upole, hata moshi halikutoa. Bahari ilikuwa imekaribia matairi. Shemeji akapaza sauti, "Kaka, kanyaga!" Kaka akakanyaga. Nyuma pakalia ta! na ekseli ya nyuma ikakatika.

Magurudumu ya mbele na migongo ya wanakijiji ndivyo vilivyomalizia kazi. Yule mvuvi akafuta mikono. "Ile ya baba yako isingeivunja," akasema. "Haikuwa na ubavu huo."

Sijasikia fundi yeyote akilieleza vizuri zaidi. Miaka yote ile unyonge wa injini ndio uliokuwa ukizilinda ekseli, giaboksi na breki. Ukileta mbabe, umeahidi kubadili kila kilicho nyuma yake, hata kama hujaahidi kwa mdomo. Kubadili injini kuna faida pale ya zamani inapokosa vipuri, na iliyo mpya ikawa ya kimo chake: kwa 109, ile dizeli ya 2.5 ya Land Rover za baadaye hukaa pale bila ugomvi mkubwa. Ukitaka zaidi ya hapo, anza na breki, kisha ekseli, na injini iwe ya mwisho. Ukifika mwisho huo ukapiga hesabu, utagundua umenunua gari jingine kwa vipande. Fundi mzee wa Chikongola alikuwa ametutajia kazi ambayo ingekwisha na bati zingebaki.

Mafuta ndiyo yanayonikumbusha hayo kila wiki. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikipangwa kwa ujazo wa injini, ikaihamishia kwenye mafuta kwa shilingi 40 kila lita. Mwenye injini kubwa siku hizi hulipia ukubwa wake pampuni.

Limebaki suala la kadi ya gari. Namba ya injini na ujazo vilivyoandikwa humo ni vya ile ya zamani, iliyolala chini ya mwembe, kwa hiyo gari linatakiwa kukaguliwa, TRA wabadili kumbukumbu, na bima nayo ijue. Juzi Baba Watoto alikaa mezani na karatasi, anaandika barua ya maombi. Alipofika kwenye sababu za kubadili injini, kalamu ikagoma. Akaniuliza aandike nini.

Nikamwambia aandike jina la mdogo wake, na namba yake ya simu, wakitaka maelezo zaidi.