Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Rasilimali Watu, Ofisi Kuu

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Msamvu, pale barabara itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikishika njia ya Dodoma na nyingine Iringa. Matawi yenu ya benki, mikopo na mitandao ya simu huku yanaendelea vizuri, na Sera ya Afya ya Akili tumeipokea pamoja na fulana zake. Sera inatuasa tuvute pumzi, tunywe maji ya kutosha na tusibebe kazi kwenda nyumbani. Saa 4 usiku kundi la WhatsApp la tawi linalia: “Jamani, marejesho ya leo mbona yamelala?” Afisa mikopo anavuta pumzi kama alivyoelekezwa, kisha anaanza kuwapigia wadaiwa. Hapo ndipo hoja yangu ilipo: mmeandika sera ya kumtuliza mfanyakazi, tageti mkaiacha kama ilivyo.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara ya karibu dola trilioni moja. Shirika la Afya halikuishia kwenye mazoezi ya kupumua. Lilitaka pia kazi yenyewe irekebishwe, na mameneja wafundishwe. Sisi hatukuhitaji hata kusubiri Geneva. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Mtanijibu kuwa kikomo hicho hakiwagusi mameneja. Kweli, sheria imewatoa wanaosimamia wenzao na kuripoti kwa wakuu. Lakini yule “Meneja Uhusiano” asiyesimamia hata mhudumu wa chai, huyo mmemtoa ninyi.

Husemwa pia kwamba msongo wa mawazo watu huja nao kutoka majumbani. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka hapahapa Msamvu, likalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Zimamoto na wauguzi waliowahudumia majeruhi waliyakuta yale kazini, wala hawakuyabeba kutoka nyumbani. Msiba kama ule ukitokea mbele ya dirisha la tawi lenu, ni kipengele gani kitamhusu karani aliyeuona? Nimekitafuta kati ya ukurasa wa maji na ukurasa wa pumzi, sijakiona.

Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba mnasihi yupo, ila wafanyakazi hawaendi. Watakwendaje, ikiwa fomu ya kumwona inapitia ofisi ileile inayoamua nani aongezewe mkataba? Tena Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Aliyefika ukingoni ana sababu ya kunyamaza. Wala asidhani hana haki ya kupumzika ili atibiwe: kwa sheria ileile ya ajira, likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika miezi 36, na 63 za mwanzo ni kwa mshahara kamili. Hakuna palipoandikwa kuwa ni za mguu uliovunjika tu. Anzeni kwa kulisema hilo hadharani, na fomu ya mnasihi iondoeni mezani kwenu.

Mwisho, kuhusu bonanza la afya ya akili la Jumapili, saa 12 asubuhi, ambalo kuhudhuria ni lazima: tunaomba uthibitisho kwamba malipo yatakuwa mara mbili, kama sheria inavyotaka kwa kazi ya siku ya mapumziko.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Msamvu, Morogoro