Jiko Jipya, Sufuria za Zamani

Tangu Rais Samia azindue Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, Mei 2024, jioni haipiti hapa kwetu Tabata bila mkaa kutajwa kwenye taarifa ya habari. Lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na mkaa na kuni. Mama mkwe, ambaye moshi umemharibia kifua miaka na miaka, alikuwa akisikia hivyo anatugeukia: "Mnasikia? Nyie mnangoja nini?"

Baba watoto akaingia mtandaoni. Akakuta jiko la umeme jeusi, bapa, linang'aa. Chini yake: "Bei njoo DM." Hela ikaondoka kwa simu, jioni bodaboda akapiga hodi na boksi.

Mama akateleka maji ya ugali. Jiko likalia pii, pii, likaandika E0, likazima. Tukabadilisha sufuria: kubwa, ndogo, hata zile za shughuli. Pii, pii. Jirani akaleta zake, nazo zikakataliwa.

Tukampigia muuzaji.

"Sufuria zenu za nini, kaka?"

"Alumini. Kwani kuna nyumba isiyo nazo?"

"Aah, hilo halitaki alumini. Na mzigo ukishatoka haurudi."

Jiko la aina hii halitoi moto. Ndani lina koili inayozalisha sumaku, na nguvu ya sumaku ndiyo inayokipasha joto kitako cha sufuria chenyewe. Kitako cha chuma kinaipokea. Cha alumini, jiko linalia tu. Mama aliposikia hivyo akabandua sumaku iliyokuwa mlangoni mwa friji, akaijaribisha sufuria moja baada ya nyingine. Ikawa inadondoka. Iliponata ni kwenye kikaango kizito cha chapati tu. Basi usiku ule tukala chapati, na kwa haki ya Mungu ziliiva upesi, wala mama hakukohoa.

Ndiyo maana naumia. Jiko ni zuri, na mama analihitaji kweli. Lakini mtu anayedunduliza hela ya jiko lake la kwanza la umeme ana haki ya kuambiwa mapema kwamba atanunua na sufuria, au kwamba lile la koili inayowaka lingezipokea alizonazo. Mstari mmoja chini ya picha ungetosha. Hata kwenye taarifa ya habari, mkaa tunausikia, gesi tunaisikia, sufuria bado sijazisikia.

Mwisho wa mwezi tulinunua sufuria moja ya kitako cha chuma. Wali ukiiva unahamia kwenye hotipoti, sufuria inaoshwa, mboga inaingia. Maharage bado ni ya mkaa.

Muuzaji anaendelea kuweka picha ile ile. Baba watoto akiiona huandika chini yake: "Ulizeni kwanza habari za sufuria." Hufutwa. Naye huandika tena.