Waya Unaogusa Bila Kugusa

Mchoro wa saketi ni ramani inayoonyesha ni mguu upi wa kijenzi, yaani kifaa kama rizista au kapasita, unaounganishwa na mguu upi wa kijenzi kingine. Ajabu ni kwamba kinachowatoa wahandisi jasho wanapouchora kwenye kompyuta mara nyingi si hesabu za volti, bali ni kuvuta mistari iliyonyooka, kazi ambayo mtoto wa shule ya msingi huimaliza kwa penseli na rula kabla kengele haijalia.

Chanzo cha balaa ni kwamba mchoraji hutazama mistari, ilhali programu hutazama pointi. Katika KiCad, programu huria iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras nchini Ufaransa mwaka 1992, vijenzi hupangwa juu ya gridi, yaani safu za nukta ambazo kwa kawaida huachana kwa milimita 1.27, na waya huhesabiwa kuwa umeunganishwa pale tu ncha ya mguu inapoukalia barabara. Mtumiaji akiipunguza gridi ili rizista yake ikae kwa madaha, ncha mbili hupishana kwa sehemu ndogo ya milimita, macho yakaona ndoa, programu ikaona majirani wasiosalimiana. Wahenga waliosema usione vyaelea, vimeundwa, hawakujaliwa kuuona waya unaoelea kwa sababu haukuundwa.

Kusogeza nako kuna vitimbi vyake, kwa kuwa kitufe cha M hukihamisha kijenzi na kuziacha nyaya zake zikining'inia, ilhali kitufe cha G hukiburuta pamoja na nyaya zote, ambazo zisipoangaliwa huweza kutua juu ya nyaya za wenyewe na kuunganisha chanzo cha umeme na ardhi bila kuomba ruhusa.

Kwa hiyo uboreshaji wenye manufaa wa programu kama hii si ule unaoupamba mstari, bali ule unaolazimisha mchoro kusema ukweli: waya unaojinasa wenyewe kwenye ncha ya mguu, kiduara kinachobaki hapo hadi muungano utimie, na nukta inayotofautisha nyaya zilizoungana na zile zilizopishana tu. Juu ya hayo upo ukaguzi wa kanuni za umeme, ambao huorodhesha kila mguu ulioachwa peke yake. Lakini mtumiaji, akiisoma orodha hiyo na kuona kwa macho yake kwamba waya umefika, huamua kuwa programu imechanganyikiwa, akauwekea mguu huo alama ya msalaba inayotangaza kwamba umeachwa hivyo kwa makusudi. Malalamiko yakakoma, na kiwanda kikatengeneza, kwa uaminifu mkubwa na kwa bei kamili, bodi isiyo na kosa lolote isipokuwa ule muungano ambao mchoraji hakuwahi kuuchora.