Akiba Haiozi: Mwongozo wa Kuchachisha Mafuta ya Zeituni

Ndugu msomaji, umetoa hela ambayo ingenunua dumu la mafuta ya alizeti, ukarudi nyumbani na kichupa kimoja cha mafuta ya zeituni. Hongera. Kilichobaki ni kuyachachisha, na kazi hiyo haitaki elimu, inataka mapenzi. Mimi nilifuzu mwaka jana kwa chupa niliyoletewa na shangazi. Fuata hatua hizi, nawe utafuzu.

Hatua ya kwanza: nunua kwa macho. Chagua chupa angavu, tena ile ya mbele kabisa kwenye rafu, chini ya taa. Kizuri chajiuza. Makopo ya bati na chupa za rangi ya giza waachie wenye siri zao. Wala usiigeuze chupa kutafuta mwaka wa mavuno. Kule Mediterania zeituni huvunwa takriban Oktoba hadi Januari, na mafuta yake ni maji ya tunda: hayakomai kwa kukaa kama mvinyo, yanazeeka tu. Ukijua umri wake utaingiwa na haraka ya kuyatumia.

Hatua ya pili: yapambe dirishani. Jua la asubuhi likiipiga chupa, inang'aa hata jirani aulize bei. Ule ukijani unaoupenda ni klorofili. Mtini ilikuwa na kazi ya kulisha mti. Chupani haina wa kumlisha, basi ikipigwa na mwanga huichokoza oksijeni iyavamie mafuta. Gizani hutulia. Kwa hiyo kabatini usiyaweke.

Hatua ya tatu: yaonjeshe moto. Wataalamu huyatakia nyuzi 14 hadi 18 za Selsiasi. Dar es Salaam ya Februari hupita 30 hata hujawasha jiko, kwa hiyo nusu ya kazi umeshafanyiwa. Kwa nusu nyingine, weka chupa kando ya jiko la gesi, mkono usihangaike wakati wa kuunga mchuzi.

Hatua ya nne: yape hewa. Mimina kwenye jagi zuri lisilo na kifuniko. Yakipungua, ongezea mapya juu ya masalia bila kuosha, ili ya zamani yayafundishe mapya tabia. Warumi wa kale hawakuwa na ustaarabu huo. Mjini Roma kipo kilima kiitwacho Monte Testaccio, kimo chake mita 35 hivi, na chote ni vigae vya mitungi, mingi yake iliyoleta mafuta ya zeituni kutoka kusini mwa Hispania. Inaaminika kwamba mafuta yalinywea kwenye udongo wa mtungi, yakachacha humo, na mtungi haukufaa kujazwa tena. Wakauvunja. Wewe una jagi la harusi, hulivunji.

Hatua ya tano: yatie vitunguu saumu vibichi, uyaache mezani. Hapa naweka utani kando: hii usiifanye. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulini hupenda hapo hapo. Sumu yao haionekani wala hainuki, na inaua. Ukiitaka ladha hiyo, tengeneza kidogo, weka kwenye friji, umalize ndani ya siku chache. Haya, turudi kwenye ujinga usioua.

Hatua ya sita: yapime kwa friji. Yakiganda, tangaza kwamba ni halisi. Yasipoganda, tangaza kwamba umetapeliwa. Kipimo hiki hakipimi kitu: mafuta halisi mengine huganda upesi, mengine huchelewa, na yakitoka kwenye baridi huyeyuka bila kudhurika. Lakini mtaani utaitwa mtaalamu.

Hatua ya saba, iliyo kuu: msubiri mgeni. Chupa iliyofunguliwa hutakiwa kumalizwa ndani ya mwezi mmoja au miwili. Mimi niliiheshimu miezi minane. Kila nilipotaka kutia kijiko kimoja kwenye maharage nilijizuia, nikajikumbusha kwamba akiba haiozi.

Mgeni alifika, naye alikuwa shangazi mwenyewe. Nikakata kachumbari, nikaimiminia mafuta yake bila ubahili, nikakaa kungoja sifa. Shangazi akatia tonge mdomoni, akatafuna taratibu, akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, hizi karanga za mwaka gani?"

Kachumbari haikuwa na karanga.

Masalia niliyatia kwenye bawaba za kabati la jikoni, zilizokuwa zikilia muda mrefu. Ndivyo mafuta ya shangazi yalivyofika kabatini hatimaye, mahali yalipotakiwa kukaa tangu siku ya kwanza.